Saa 34 Toledo na Kuku wa Tope: Maoni ya Dereva wa Lori

Sheria ya madereva wa malori Marekani haina huruma. Ukishamaliza saa zako 70 za kazi ndani ya siku nane na unataka hesabu ianze upya, sharti ukae saa 34 mfululizo bila kugusa kazi. Mwezi Mei hesabu yangu iliishia Toledo, Ohio, Ijumaa saa tano usiku, nikiwa na shehena ya vipuri vya magari iliyokuwa inasubiriwa Kentucky Jumatatu. Maana yake nisingeweza kuondoka hadi Jumapili saa tatu asubuhi. Nilishafua nguo, nilishapiga simu nyumbani mara mbili, na televisheni ya pale kituoni ilikuwa inarudia habari zilezile. Nikaamua kwenda kuangalia besiboli.

Mdogo wangu aliponipigia Jumamosi mchana nikamwambia naenda uwanjani kuwaona Toledo Mud Hens. Akauliza hao ni nani. Nikamtafsiria harakaharaka: Kuku wa Tope. Akacheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena: "Dada, umeenda Amerika miaka yote hiyo kuangalia kuku?"

Basi tuanze na huyo kuku, kwa sababu bila yeye hutaielewa timu hii. Kwanza si kuku. Ni ndege wa majini, mweusi tii, mdomo mweupe kama chaki. Wajuao ndege kwa Kiswahili humwita kukuziwa. Mwaka 1896 timu ya Toledo ilikuwa ikichezea uwanja wa Bay View Park, nje ya mipaka ya mji, kwa kuwa ndani ya mji mchezo wa Jumapili ulipigwa marufuku kwa ajili ya ibada. Huko nje kulikuwa na vinamasi, na kwenye vinamasi walijaa hao ndege. Watu wakaanza kuwaita wachezaji kwa jina la majirani zao, na jina likaganda. Mimi naona hili ni jina la heshima kuliko simba na chui ambao kila timu duniani hujipachika. Simba wa Ohio nani alimwona? Kukuziwa walikuwapo.

Uwanja wa sasa unaitwa Fifth Third Field, nao uko katikati ya mji, kwenye mtaa wa maghala ya zamani ya matofali. Teksi niliyoita kwa simu ilinishusha pembeni kabisa, mitaa kadhaa kutoka langoni, dereva akidai barabara imefungwa. Haikuwa imefungwa. Lakini nilimsamehe nilipokuwa natembea, kwani ndipo nilipoona jinsi walivyoujenga. Hawakubomoa maghala wapate nafasi; waliusukumiza uwanja katikati yake. Kwenye kona ya kulia kuna viti vinavyoitwa The Roost, yaani kibanda cha kuku wanapolala, vimebanwa juu hewani kati ya jukwaa na jengo la zamani kana kwamba fundi alikuta nafasi imebaki akasema hapa nako tutaweka watu. Ulifunguliwa Aprili 2002, unachukua watu wapatao 10,300. Karibu nao kuna sanamu za shaba za watoto wanaochungulia mchezo kwenye matundu ya uzio. Nilizisimamia kidogo. Nanyuki tulichungulia hivyohivyo mechi za mpira, ila sisi hakuna aliyetumiminia shaba; tulimwagiwa maji.

Tiketi yangu haikufika dola 25, na nilikaa karibu kiasi cha kusikia mpira ukitua kwenye glovu. Sauti hiyo peke yake inalipa nauli. Ukitazama kwenye runinga huisikii hivyo. Hapa ni kama mtu anapiga kofi ndani ya pipa.

Sasa kwa wasiojua mpangilio: hii ni timu ya ligi ya chini, daraja la Triple-A, ambalo ni ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Wachezaji wanalelewa kwa ajili ya Detroit Tigers, timu ya ligi kuu, na Detroit iko mwendo wa kama saa moja kwa barabara ya I-75, ambayo naijua mashimo yake yote. Kijana anaweza kucheza Toledo Ijumaa, akapigiwa simu usiku kwamba kuna mtu ameumia, na Jumamosi yuko Detroit mbele ya umati wa ligi kuu. Wengine wanashuka barabara hiyohiyo wakiwa wameinamisha kichwa. Kwa hiyo unachotazama si mechi tu. Ni watu wanaofanya usaili mbele yako, na nusu yao wanajua umri unawaacha.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee wa Kizungu mwenye daftari la kuandikia kila mrusho. Upepo ulipoanza kutoka upande wa mto Maumee nilitoa leso nikajifunga miguuni, naye akauliza kitambaa kile kimeandikwa nini. Nikamwambia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ilibidi nimfafanulie mara mbili. Akafunga daftari, akasema basi ngoja mwenyeji afanye kazi yake, na kuanzia hapo nikapata historia yote ya timu bila kulipia, mengine akiyasoma kwenye kitabu cha kumbukumbu alichokuwa nacho mkobani. Niliyahakiki baadaye kitandani kwenye lori. Mzee hakunidanganya.

Alichosimulia kwa uchungu zaidi ni kuondoka. Hii timu imehama, ikafa, ikarudi, mpaka unashangaa jina limebakije. Mwaka 1914 na 1915 ilipelekwa Cleveland ili kuziba nafasi isije ligi shindani ikaingia pale. Watu wa Toledo wakabaki na uwanja wao mzuri, Swayne Field, uliofunguliwa 1909. Ikarudi. Mwaka 1926 akaja meneja Casey Stengel, mtu wa maneno mengi na vituko, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa ligi na kuwafunga Buffalo kwenye fainali ya ligi za chini. Husimuliwa kwamba soko la hisa lilipoanguka 1929 aliwashauri wachezaji wake wanunue hisa za shirika la reli, kwa sababu kwa jinsi walivyokuwa wanacheza, alikuwa anakaribia kuwatimua na kuwasafirisha wengi hadi reli itajirike. Huyu ndiye baadaye aliyeipa New York Yankees mataji saba. Toledo yeye aliondoka baada ya msimu wa 1931, klabu ikiwa imefilisika.

Halafu Juni 1952, katikati ya msimu, timu ikafungashwa kwenda Charleston, West Virginia. Katikati ya msimu! Mzee alikuwa mtoto mdogo. Anasema baba yake alirudi nyumbani siku hiyo akaketi jikoni na kofia kichwani. Mwaka uliofuata ikaletwa timu nyingine kutoka Milwaukee, ikaitwa Sox, ikatwaa ligi mara hiyohiyo, na baada ya 1955 nayo ikahamishiwa Wichita. Swayne Field ikabomolewa, pakawa maduka. Misimu tisa mji ukakaa bila timu.

Waliirudisha 1965, kwa juhudi za mwanasiasa wa kaunti aitwaye Ned Skeldon, na hapakuwa na uwanja, kwa hiyo wakageuza uwanja wa mbio za farasi kule Maumee, kitongoji cha jirani. Mzee alikuwapo. Kwa maneno yake, ulikuwa ukikaa upande mmoja unaona kila kitu, ukikaa upande mwingine unaona mahali ambapo farasi angemalizia. Walicheza hapo hadi 2001. Taji la 1967 walilipata wakiwa hapo, kisha wakasubiri miaka 38. Lilikuja tena 2005, na jingine 2006, uwanja huu mpya ukiwa bado unanuka rangi.

Na hapa kuna jambo lililonifanya niweke kinywaji chini: klabu ni mali ya kaunti. Si ya tajiri, si ya kampuni. Kaunti ya Lucas inaimiliki kupitia shirika lisilogawana faida. Nilimwuliza mzee kama madiwani hawagombanii viti vya mbele. Akasema wanagombania, ila timu haiwezi kufungashwa usiku tena. Mtu aliyeachwa mara tatu na mpenzi mmoja hujifunza kuficha sanduku.

Chakula. Nilikula hotidogi yenye vitunguu na haradali. Nzuri, mkate laini, soseji ina ngozi inayopasuka kwa meno. Lakini nitasema kweli: smokie pasua ya stendi yetu, yenye kachumbari na pilipili, ingeishinda mchana kweupe. Soda kubwa kama ndoo. Bia sikunywa, maana saa zangu zilikuwa zinahesabiwa na leseni yangu ndiyo shamba langu.

Mchezo wenyewe sitajifanya mtaalamu. Shuleni tulicheza kati, mtu anakaa katikati na wawili wanamlenga kwa mpira wa karatasi na mifuko, na kwa hilo tu naweza kumheshimu mtu anayesimama mbele ya kitu kinachokuja kwa kasi ya lori kwenye mteremko. Ilivyokuwa inachosha zamani sasa imepungua, kwa sababu mrushaji ana saa inayohesabu sekunde mbele ya macho ya wote, akichelewa anaadhibiwa. Nikamwambia mzee kwamba na mimi ninayo saa kama hiyo garini. Kitu kingine kilichonifurahisha: mchezaji asipokubaliana na mwamuzi kuhusu mrusho, anagonga kofia yake, na skrini kubwa inaonyesha mpira ulipita wapi, ndani au nje ya eneo halali la kupigia. Mwamuzi anakubali bila kununa. Natamani kifaa hicho kingekuwapo kwenye mizani za barabarani.

Wakati wa iningi ya saba, yaani awamu ya saba kati ya tisa za mchezo, kila mtu anasimama kujinyoosha na kuimba. Nilisimama na leso yangu. Mtoto aliyekuwa mbele alidhani mimi ni sehemu ya burudani, kama wale wawili waliovaa mavazi ya ndege wanaozunguka uwanjani, Muddy na mwenzake Muddonna, akaomba picha. Nikampa.

Lakini nimechelewesha lile ambalo hasa limenifanya niandike.

Hapo nje ya uwanja pana kiwanja kidogo chenye jina la Moses Fleetwood Walker, na bango la jimbo la Ohio linalomweleza. Hata baa iliyo ng'ambo imechukua jina lake. Nilikuwa nimepita mbio wakati wa kuingia. Mzee ndiye aliyeniambia nikitoka nisimame. Nikasimama hadi taa za mtaa zikawaka.

Walker alikuwa mdakaji, mtu anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Alidaka hapa Toledo mwaka 1883 na 1884, kabla hata jina la kuku halijazaliwa. Timu ya wakati huo iliitwa Blue Stockings, nayo mwaka 1884 ilikuwa kwenye ligi iliyohesabiwa kuwa ligi kuu. Alicheza michezo 42 msimu huo, aghalabu kwa mikono mitupu, maana glovu za kweli zilikuwa bado. Alikuwa mweusi. Yaani miaka 63 kabla ya Jackie Robinson, ambaye dunia nzima inamjua kama mweusi aliyeufungua mlango wa ligi kuu mwaka 1947, kulikuwa na mtu mweusi kwenye ligi kuu, na kazi yake ilikuwa hapa, kwenye mji ambao mimi nimekuwa nikiupita usiku bila kushuka hata kununua maji.

Agosti 1883 timu ya Chicago ilikuja Toledo kwa mechi ya kirafiki. Nahodha wao, Cap Anson, mchezaji mkubwa kuliko wote wa enzi ile, akasema hatacheza na mtu mweusi uwanjani. Walker siku hiyo alikuwa ameumia mikono na hakupangwa kucheza kabisa. Meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia maneno hayo alimpanga makusudi, akamwambia Anson asipocheza asahau mgao wake wa viingilio. Anson akacheza. Napenda sana sehemu hiyo. Kiburi kikubwa, bei ndogo.

Sehemu nyingine hazipendezi. Mrushaji wa timu yake mwenyewe, Tony Mullane, alikiri miaka mingi baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, na kwamba kwa sababu ya rangi yake alikataa kufuata ishara zake, akirusha chochote alichotaka. Fikiria kazi hiyo: mpira unakuja, huna glovu, na mwenzako kakusudia usijue unakokuja. Mwaka 1884 timu ilipojiandaa kwenda Richmond, Virginia, ikaja barua yenye kutishia kwamba watu 75 wameapa kumshambulia Walker akivaa sare uwanjani. Hakwenda, alikuwa ameshaachwa kwa ajili ya majeraha. Julai 1887 wenye timu za International League wakapiga kura wasiandike tena mikataba na wachezaji weusi. Kura. Waliketi mezani, wakahesabu mikono. Na ligi ambayo Kuku wa Tope wanachezea leo inabeba jina hilohilo, International League.

Usiku ule kitandani nilisoma yaliyompata baadaye. Alivumbua mambo, akapata hataza, aliendesha jumba la maonyesho huko Cadiz, Ohio, alihariri gazeti. Gazeti hilo liliitwa The Equator. Niliposoma hapo nilikaa wima nikagonga kichwa kwenye kabati. Mimi nimezaliwa Nanyuki, mahali ambapo watalii hupigwa picha chini ya kibao cha Ikweta, na mjomba wangu ameishi kwa kuwaonyesha maji yanavyozunguka kwenye beseni upande huu na upande ule. Halafu mwaka 1908 Walker alichapisha kitabu kidogo akiwaambia Wamarekani weusi kwamba nchi hii haitawapa nafasi kamwe, wafungashe, waende Afrika. Mtu aliyedaka mpira kwa mikono mitupu ndiye aliyefikia uamuzi huo. Alifariki 1924, Cleveland. Yeye hakwenda. Mimi nimekuja upande wake, na nimelipa kiingilio kwenye kona yenye jina lake, nikala hotidogi. Sijui angesema nini. Nadhani angeniuliza ninalipwa kiasi gani kwa maili.

Turudi kwenye maoni, maana nilisema naandika maoni. Duka la timu linaitwa The Swamp Shop, Duka la Kinamasi. Nilikuwa na sababu ya kwenda: mwaka jana nilinunua kofia ya Mud Hens kwenye duka moja la mtandaoni nisilolitaja, ikaja ndege amepinda shingo kama amegongwa na gari. Hii niliyoinunua Toledo ndege wake yuko sawasawa, mwenye gongo la kupigia mpira na uso wa mtu asiyelipwa deni. Mishono imara. Wanazo pia jezi za mtindo wa zamani, na utaona wazee wakizishika kwa sababu ya Klinger, yule mhusika wa M*A*S*H, tamthilia ya zamani ya televisheni, aliyekuwa akivaa nguo za kike ili afukuzwe jeshini huku akijivunia kofia ya Mud Hens. Mwigizaji wake, Jamie Farr, ni mzaliwa wa Toledo kwelikweli, na nadhani kofia ile iliitangaza timu kuliko mataji yake yote.

Ukitaka kwenda: Jumatatu kwa kawaida hawachezi, ratiba ni Jumanne hadi Jumapili dhidi ya wageni walewale. Mwezi Aprili na Mei beba koti hata kama mchana ulikuwa wa kutoa jasho. Kaa upande wa besi ya tatu, yaani kushoto ukiangalia uwanja kutoka kwa mpigaji, kama unataka kuona yale maghala vizuri. Fika nusu saa mapema, si kwa ajili ya mchezo, bali usome lile bango kukiwa bado na mwanga. Nawapa nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya upepo.

Kuku walifungwa, nisije nikasahau. Mzee aliandika mrusho wa mwisho kwenye daftari lake, akapiga mstari, akaniambia kesho wapo tena saa nane mchana. Nikamwambia kesho saa nane nitakuwa nimeshapita Dayton.

Jumatatu kule Kentucky, mlinzi wa ghala aliangalia karatasi zangu, akaangalia kofia, akapaza sauti: "Klinger!" Kisha akanipa mlango namba sita, ambao siku zote huwa na foleni, na safari hii haukuwa na mtu.